Mshazari wa Bendera ya Tanzania

Mtoto yeyote aliyepita shule ya msingi Tanzania anazijua rangi nne za bendera: kijani ni ardhi na uoto wake, njano ni madini, nyeusi ni wananchi, bluu ni bahari, maziwa na mito. Somo huishia hapo, kabla halijafika kwenye utamu wake. Rangi hizo kila moja ina kwao, na jinsi zilivyopangwa ni habari ya Muungano wenyewe wa Tanganyika na Zanzibar.

Tanganyika ilipopata Uhuru, 9 Desemba 1961, ilipandisha bendera iliyotokana na ile ya chama cha TANU: milia iliyolala ya kijani, nyeusi na kijani. Kilichoongezwa ni mistari miwili myembamba ya dhahabu, mmoja kila upande wa ule mweusi. Hiyo ndiyo bendera ambayo Luteni Alexander Nyirenda aliisimika kileleni mwa Kilimanjaro pamoja na Mwenge wa Uhuru. Zanzibar nayo, wiki chache baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964, ilichukua rangi za chama cha Afro-Shirazi: bluu juu, nyeusi katikati, kijani chini, zote zimelala.

Basi Muungano ulipofika, 26 Aprili 1964, bendera hizi mbili tayari zilikuwa na undugu. Zote zilikuwa na kijani, na zote ziliweka nyeusi katikati. Njano ilikuwa ya bara peke yake, bluu ya visiwani peke yake.

Milia ingeweza kuachwa imelala, zikapatikana ngazi za rangi moja juu ya nyingine. Bendera iliyoanza kutumika 30 Juni 1964 haikufanya hivyo. Ukanda mweusi uliinuliwa ukawa mshazari, kutoka kona ya chini penye mlingoti hadi kona ya juu ya upande wa pili, na mistari ya njano ikaufuata kandokando. Itazame kwa makini: pembetatu ya kijani na ya bluu zina ukubwa uleule, na kila moja imeshika ukingo mmoja mrefu na mmoja mfupi wa kitambaa. Mimi naisoma hivi: rangi iliyokuwa katikati ya bendera zote mbili, ile ya watu, ndiyo iliyofanywa kiungo, na bluu ya Zanzibar ikapewa nafasi sawa na kijani ingawa Zanzibar ni ndogo mno kwa eneo. Huo ni uamuzi wa kisiasa uliochorwa kwa rula, nami nauona wa busara kubwa. Tena ulitangulia hata jina la nchi, kwani Tanzania ilianza kuitwa hivyo Oktoba mwaka huohuo.

Mwaka 2005 Zanzibar ilijipatia tena bendera yake, bluu, nyeusi na kijani, safari hii ikiwa na bendera ya Muungano kwenye kona ya juu karibu na mlingoti.

Mshazari wa bendera ya Muungano una taabu moja. Bendera ikigeuzwa juu chini, ukanda mweusi hubaki umeelekea kulekule, na mpita njia haoni kosa. Siku za sikukuu utaziona zimening'inizwa hivyo kwenye maduka na magari. Usiukague ukanda, kagua rangi: kijani hukaa juu, bluu chini, uitazame bendera kutoka mbele au nyuma.