Utafiti wa Kaakaa Umfikie Mtoto wa Buna

Mwaka 2023 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti kuhusu swali lililowagawa madaktari kwa muda mrefu: mtoto aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka ashonwe lini? Watoto 558 wa Ulaya na Amerika Kusini waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wapasuliwe wakiwa na miezi 6, wengine 12. Walipofika miaka 5, asilimia 15 ya walioshonwa kwa kuchelewa hawakuweza kuziba vizuri upenyo wa koo na pua wanaposema. Kwa walioshonwa mapema ni 8.9. Si jambo dogo. Hewa ikivujia puani, mtoto hutaka kusema “baba” ikasikika “mama”.

Kuna watakaosema haya hayahusu Buna, huko Wajir Kaskazini, ambako wafugaji huhama na ngamia na ukame haukawii kurudi. Hoja yao ina uzito: watoto wa utafiti ule walichaguliwa wakiwa na afya, na mtoto dhaifu hahimili dawa ya usingizi. Daktari anayeahirisha upasuaji wake hakosei. Ila tuulize udhaifu huo umetoka wapi. Kaakaa lililo wazi humnyima mtoto nguvu ya kufyonza titi, maziwa yakamtokea puani, naye akachoka kabla ya kushiba. Mama akikamua maziwa, akamkalisha wima na kumnywesha kwa kikombe kidogo kidogo, huku akimpumzisha acheue, uzito huongezeka. Kwa hiyo miezi 6 ile hupatikana au hupotea nyumbani, tangu wiki ya kwanza, na kazi hiyo haihitaji chumba cha upasuaji.

Umbali nao umewahi kutafutiwa dawa. Shirika la AMREF, lenye madaktari wa ndege, lilianzishwa 1957 na mabingwa watatu wa upasuaji wa kurekebisha maumbile: Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees. Lakini daktari wa ndege humtibu mtoto anayejulikana yuko. Hapo ndipo ninapowategemea wahamasishaji wa afya ya jamii, kwa sababu mpasuko wa kaakaa peke yake hauonekani usoni. Midomo yaweza kuwa mizima kabisa. Mtoto anayekohoa kila anaponyonya afunguliwe kinywa, ulimi ushushwe taratibu, na tochi ya simu imulikwe hadi nyuma kabisa, kwenye kilimi.