Stesheni ya Tanga na Mzigo Wake

Robota moja la mkonge lina uzito wa kilo 250. Wazee wa Tanga wanalijua vizuri: singa zilizotoka kwenye mashine ya korona, zikaanikwa juani hadi zikang'aa, zikapigwa brashi, kisha zikashindiliwa na kufungwa. Mzigo huo ndio uliokuwa roho ya stesheni ya reli ya mji huo.

Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ya kwanza katika nchi ambayo leo ni Tanzania Bara. Mwaka huohuo Mjerumani Richard Hindorf aliingiza miche ya mkonge kutoka Florida. Kati ya miche 1,000, ilipona 62 tu. Kampuni iliyoanza ujenzi ilifika Muheza mwaka 1896, mwendo wa kilometa 40 hivi, mfuko ukakauka. Serikali ya kikoloni ikainunua reli mwaka 1899 na kuisogeza: Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Mashamba ya mkonge yakaifuata, mengine yakitandika vijireli vyake vya troli vya kusombea majani hadi kiwandani.

Novemba 1914, Waingereza walipoleta askari wapatao 8,000 kuuteka mji, reli hiyohiyo ndiyo iliyomwezesha kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, kushusha askari wake kutoka upande wa Moshi. Uvamizi ukashindwa.

Neema kubwa ilikuja baadaye. Mwaka 1964 uzalishaji wa mkonge ulifika tani 230,000 hivi, na hakuna nchi iliyoishinda Tanzania. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaporomoka, mashamba yakageuka pori. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 zilikuwa zimebaki tani 20,000 hivi. Stesheni iliyojengwa kwa ajili ya mzigo ikakosa mzigo, na malori yakachukua hata kile kidogo kilichosalia.

Lakini kuanguka kwa mkonge hakukuwa sababu pekee ya stesheni kudorora. Mwaka 1963 ilikamilika njia ya kutoka Ruvu hadi Mnyusi, kati ya Muheza na Korogwe, ikaiunganisha Tanga na Reli ya Kati. Ilikuwa hatua njema kwa taifa. Kwa Tanga ilikuwa na gharama yake: treni ya Dar es Salaam kwenda Moshi ikaweza kukata kona Mnyusi na kuuacha mji wa pwani nyuma. Ndivyo ilivyokuwa treni ya abiria ya kaskazini iliporejea Desemba 2019 baada ya kusimama kwa miaka mingi. Korogwe ilishangilia, Same ilishangilia. Tanga, mahali reli hiyo ilipozaliwa, haikuwa njiani.

Sasa bandari imeamka. Zamani meli zilitia nanga mbali, na shehena ikaletwa ufukweni kwa matishali; gati limechimbwa kutoka kina cha mita 3 hadi 13, na meli zinafunga gatini. Reli ya Wajerumani, yenye upana wa mita moja, bado inatoka bandarini, inapita stesheni, inaelekea Muheza. Shehena inayoshuka pale ikipewa mabehewa ya kutosha na njia iliyokarabatiwa, Tanga haitahitaji kuisubiri treni ya Dar es Salaam.