Hukumu ya Wahadhiri Kuunda Chama cha Wafanyakazi

Mzazi wa Gendabi, Hanang, anayemsomesha mwanawe chuo kikuu kwa fedha za mahindi, ametuuliza: je, yajuzu wahadhiri kuunda chama cha wafanyakazi?

Tunasema, wabillahi tawfiq: yajuzu. Asili ya miamala ni uhalali, na Suratul Maida aya ya 2 yaamrisha kusaidiana katika wema. Kudai ujira uliocheleweshwa ni kudai haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Bara, nayo yawaruhusu.

Ama mgomo, aya ya 1 ya sura hiyo yataka mikataba itimizwe, na mwanafunzi ameshalipa ada. Basi wasigome kabla ya usuluhishi, kama itakavyo sheria hiyo, na vipindi vilivyopotea vifidiwe. Haki haidaiwi kwa kumdhulumu mwingine.

Wallahu aalam.