Msimu wa Shilingi 810: Mafundi wa Simiyu Waliuvukaje?

Tanzania haikuwafungia watu ndani mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa Machi 16, kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule, lakini masoko, maduka, misikiti na makanisa vikaendelea kama kawaida. Kutokana na hilo wapo wanaoamini mpaka leo kwamba wafanyabiashara wadogo wa nchi hii walivuka janga lile bila kuguswa, tofauti na wenzao wa Nairobi au Kampala waliokumbana na amri za kutotoka nje. Kwa mkoa wa Simiyu imani hiyo si sahihi. Mchomeleaji wa Bariadi, seremala wa Maswa, fundi cherehani wa kata ya Kimali wilayani Meatu, wote waliachwa wafungue vibanda vyao kila asubuhi. Kilichokosekana ni pesa mfukoni mwa mteja, na pesa hiyo ilipotelea mbali sana na Simiyu, kwenye bei ya pamba. Asiyeitazama njia hiyo hawezi kuelewa kwa nini misaada mingi iliyotangazwa haikumfikia fundi, wala kwa nini iliyomfikia ilikuja kwa sura ya kazi.

Simiyu, mkoa uliomegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, ndio unaoongoza nchini kwa kilimo cha pamba, na kalenda ya fundi wa huku inafuata kalenda ya zao hilo. Kuanzia Mei au Juni vyama vya msingi, yaani AMCOS, vinafungua maghala, mizani inaning'inizwa, mkulima analipwa. Hapo ndipo mabati yanaponunuliwa, mlango wa chuma unapoagizwa, kitanda cha harusi kinapochongwa na baiskeli iliyochakaa inapopata gurudumu jipya. Miezi inayobaki fundi anaishi kwa vijikazi na kwa daftari la madeni. Ukilifungua daftari hilo utakuta jina la mteja, kazi aliyofanyiwa, kiasi anachodaiwa, na pembeni ahadi ya kulipa pamba ikishauzwa. Hiyo ndiyo dhamana pekee, na kwa miaka mingi ilitosha.

Mwaka 2019 bei elekezi ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, na hata mwaka huo wanunuzi walichelewa kuwalipa wakulima kwa sababu bei ya dunia ilikuwa imeanza kuteleza. Kisha ikaja korona. Maduka ya nguo ya Ulaya na Marekani yakafungwa, oda za viwanda vya Asia zikafutwa, na mwanzoni mwa Aprili 2020 pamba katika soko la New York ikashuka hadi karibu senti 50 za dola kwa ratili. Kwa kuwa sehemu kubwa ya pamba nyuzi ya Tanzania husafirishwa nje, mtikisiko huo haukuwa na pa kukwamia. Bei elekezi ya msimu wa 2020 ikatangazwa shilingi 810. Chukua mkulima mwenye kilo 500. Kwa bei ya 2019 angepata shilingi 600,000. Kwa bei mpya anapata 405,000. Zile 195,000 zilizopungua hazikutoka kwenye chumvi wala sabuni ya nyumba yake, maana hivyo havikwepeki. Zilitoka kwenye mlango, kitanda na nguo, yaani kwa fundi. Na wengi hawakuwa na kilo zao za mwaka uliotangulia: kwa takwimu za kitaifa, uzalishaji uliokuwa zaidi ya tani 340,000 mwaka wa fedha 2019/20 ulianguka hadi takriban tani 122,000 mwaka 2020/21, mvua nyingi zikichangia. Bei na uzito vikashuka pamoja.

Wapo watakaosema kwamba kama ni hivyo, basi tatizo lilikuwa pamba na si janga. Ni kweli kwamba mvua haikuletwa na kirusi, na madeni ya 2019 yalikuwapo kabla yake. Lakini kuna pigo la pili ambalo halina uhusiano wowote na pamba. Shule zilifungwa kuanzia Machi. Kidato cha sita walirudi Juni 1, wengine wote Juni 29. Kwa fundi cherehani wa kijijini sare ya shule ndiyo kazi isiyotegemea msimu wala sherehe. Ananunua jora la kitambaa cha bluu kwa mkopo wa duka, anakata sketi na kaptula kwa vipimo anavyovijua kichwani, anazitundika mlangoni. Mtoto asipokwenda shule sketi haichaniki, kaptula haihitaji kiraka, na lile jora linabaki rafuni huku mwenye duka akidai chake. Karibu naye yupo mama lishe aliyekuwa akiuza maandazi na mihogo wakati wa mapumziko, na muuza daftari na kalamu. Miezi mitatu na zaidi ya kukosa kipato cha aina hiyo haionekani katika takwimu ya pato la taifa, ambalo kwa hesabu za serikali lilikua kwa asilimia 4.8 mwaka 2020 badala ya asilimia 7 ya mwaka uliotangulia. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba janga huenda liliwasukuma Watanzania wapatao 600,000 zaidi chini ya mstari wa umaskini. Nchi haikufunga milango, na bado watu wengi kiasi hicho walikadiriwa kuanguka.

Mafundi walijikimu vipi? Njia zilikuwa tatu, na zote ni za zamani. Ya kwanza ni kikoba, ambako kila wiki wanachama wananunua hisa, wanakopeshana kwa kadiri ya hisa zao, na mwisho wa mwaka wanavunja na kugawana. Ya pili ni kukopa kwa jirani, kwa mwenye duka, au hali ikizidi, kwa wakopeshaji ambao wananchi wamewapa jina la kausha damu, ambao riba zao zinapita mbali ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi uliowekwa na Benki Kuu. Ya tatu ni shamba na zizi, kwani mafundi wengi wa Simiyu ni wakulima pia, wana mtama, mahindi na viazi vinavyokaushwa kuwa michembe, na mwenye bahati ana mbuzi wa kuuza. Njia hizi zinastahili heshima, kwa maana ndizo zilizowavusha watu wakati hakuna chombo kingine kilichokuwa karibu. Lakini zinafanya kazi vizuri pale shida inapomkuta mmoja. Mwanachama mmoja akiugua, wenzake ishirini wanambeba. Wote ishirini wakiwa wanangoja pamba ileile iliyoshuka bei, kikoba hakina wa kumbeba mwingine. Hisa zinapungua kwa wote wiki ileile, na aliyekopa hana wa kumkopa ili alipe. Mbuzi naye, nyumba nyingi zikimpeleka mnadani wiki moja, bei yake inaanguka. Michembe inazuia njaa, lakini hainunui fimbo za kuchomelea wala haimrudishii mwenye duka fedha ya jora lake.

Ndiyo maana nasema si haki kuwaambia mafundi wajitegemee kwa mtindo uleule waliojitegemea siku zote. Akiba ya kijiji ni kinga ya msiba wa mtu mmoja mmoja. Msiba wa mkoa mzima unahitaji fedha inayotoka nje ya mkoa, na hilo ni jukumu la serikali.

Sasa tuangalie kilichotoka. Mei 12, 2020 Benki Kuu ilitangaza hatua zake: riba ambayo benki hukopea kwake ilishushwa kutoka asilimia 7 hadi 5, benki ziliruhusiwa kupanga upya mikopo ya wateja walioathirika, na ukomo wa miamala ya simu kwa siku ukapandishwa kutoka shilingi milioni 3 hadi milioni 5. Kwa wafanyabiashara wa kati hatua hizo zilikuwa na maana. Kwa fundi ambaye deni lake liko kikobani, na ambaye hajawahi kutuma milioni 3 kwa siku moja, hazikugusa kitu. Kitambulisho cha mjasiriamali, kilichozinduliwa Desemba 2018 na kuuzwa shilingi 20,000 kwa wenye mauzo yasiyofika milioni 4 kwa mwaka, kilimlinda mwenye nacho dhidi ya kubughudhiwa na mgambo, na hilo halikuwa dogo. Lakini hakikuwa na kumbukumbu ya mapato yake, hivyo hakikuweza kutumika kumfidia.

Hapo ndipo ulinganisho na Uingereza unapofundisha. Kule waliojiajiri walilipwa asilimia 80 ya wastani wa faida yao, hadi pauni 7,500 kwa miezi mitatu ya kwanza, kwa kutumia hesabu za kodi walizokuwa wamewasilisha miaka ya nyuma. Ulikuwa mpango wa haraka, na hata huko waliokuwa wamejiajiri karibuni waliachwa kwa kukosa hesabu hizo. Ukiuleta Bariadi leo, mafundi karibu wote wangekuwa katika kundi la walioachwa. Kenya nayo mwaka 2020 ilipunguza kodi ya mauzo ya biashara ndogo kutoka asilimia 3 hadi 1 na VAT kutoka asilimia 16 hadi 14, nafuu iliyomfikia anayelipa kodi hizo kwa jina lake na kumpita asiyesajiliwa. Msaada unaopitia hesabu rasmi unawafuata wenye hesabu rasmi.

Jibu la kawaida la viongozi wetu ni mikopo ya halmashauri: asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ni sera njema katika mwaka wa kawaida. Katika mwaka mbaya ina kasoro mbili. Kwanza, mapato ya ndani ya halmashauri za Simiyu yanaegemea ushuru wa pamba, ambao ni asilimia 3 ya bei. Kwa kilo ya shilingi 1,200 ushuru ni shilingi 36. Kwa kilo ya 810 ni shilingi 24 na senti 30. Mfuko wa kumkopesha fundi unapungua mwaka uleule anaouhitaji zaidi. Pili, aliyekosa wateja akipewa mkopo anapata deni jingine. Atanunua mashine ya kuchomelea ya pili, atatengeneza milango, na milango hiyo itakaa nje ikila kutu mpaka mtu apate pesa ya kuinunua. Malimbikizo ya mikopo isiyorejeshwa, ambayo Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu ameyaripoti mara nyingi na ambayo ni miongoni mwa sababu za utaratibu huo kusitishwa mwaka 2023 kabla ya kurejeshwa mwaka uliofuata, yalichangiwa na usimamizi mbovu na vikundi hewa. Lakini sehemu yake ni hii: ulikopeshwa uwezo wa kuzalisha mahali ambapo hapakuwa na mnunuzi.

Kilichosaidia kilikuja Oktoba 2021. Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Dodoma mpango wa shilingi trilioni 1.3 uliotokana na mkopo nafuu wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na sehemu yake ikaelekezwa kujenga vyumba vya madarasa 15,000 nchi nzima, 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi, kwa makadirio ya shilingi milioni 20 kwa darasa la sekondari pamoja na samani zake. Madarasa yalitakiwa yakamilike kabla ya kidato cha kwanza kuanza Januari 2022, na yalijengwa zaidi kwa mafundi wa kawaida badala ya makandarasi wakubwa. Darasa moja lina msingi na kuta za mwashi, kenchi za seremala, madirisha na milango ya mchomeleaji, viti na meza, rangi, na mama lishe anayewapikia wote. Mpango haukuandikwa kwa ajili ya kumfidia fundi, uliandikwa kwa ajili ya wanafunzi, lakini ndio uliopeleka fedha ya nje ya mkoa moja kwa moja kwa watu waliokuwa wamekaa bila oda. Mwaka huohuo bei ya pamba nayo ikafufuka: ilifunguliwa shilingi 1,050 na ushindani wa wanunuzi ukaipandisha kupita 1,500. Ukitaka kujua sehemu ya kila kimoja katika kurejea kwa kazi, huwezi kuvitenganisha kirahisi. Tofauti ni kwamba bei ya pamba hakuna anayeiamuru, na ujenzi wa madarasa uliamriwa.

Pingamizi zipo na ni za haki. Ukaguzi umeonyesha mara kwa mara udhaifu katika miradi inayotumia mafundi wa kawaida: usimamizi hafifu, vifaa kununuliwa bila ushindani, kazi kuchelewa. Halmashauri zote zikijenga mwezi mmoja, bei ya vifaa inasukumwa juu. Na fundi asiyelipwa kwa wakati anageuzwa mkopeshaji wa serikali bila riba. Haya yanaonyesha kwamba kazi iliamriwa kwa pupa, mwaka mmoja na nusu baada ya pigo, wakati ilipaswa kuwa imeandaliwa kabla yake. Kenya ilianza mapema na mpango wa Kazi Mtaani, uliowalipa vijana ujira wa siku kwa kusafisha mitaa, lakini ule ulinunua nguvu za mikono tu. Fundi mwenye cherehani au randa ana thamani kubwa zaidi ya fagio, na kazi anayoacha, iwe dawati au dirisha, inadumu miaka.

Kuna kikwazo kipya kinachohitaji kuangaliwa sasa, kabla ya janga jingine. Ununuzi wa umma umehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST, na mafundi wa kawaida nao wanatakiwa kujisajili humo ili wapewe kazi. Lengo la uwazi ni jema, ila fundi wa Kimali asiyesaidiwa kujisajili atakuwa nje ya orodha siku kazi zitakapotangazwa, kama aliyekosa hesabu za kodi alivyokuwa nje ya malipo ya Uingereza. Kwa hiyo ombi kwa madiwani na wakurugenzi wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega ni hili: mtumieni ofisa biashara na mtendaji wa kata kuwasajili mafundi wote, wa cherehani wakiwamo, andaeni leo orodha ya madawati, milango, vyoo na sare zitakazohitajika, ikiwa na michoro na makadirio yake, na wekeni kwenye mkataba siku ya mwisho ya kumlipa fundi, naye aijue kabla hajaanza kazi.