Je, Wajua? Uzito wa Mtoto Nduta
Mtoto akizaliwa chini ya gramu 2,500 ana uzito pungufu, awe kambi ya Nduta, Tanzania, au London. Kabila si sababu kubwa: utafiti wa nchi 8 uliotolewa 2014, Kenya na Oman zikiwemo, ulikuta watoto wa kina mama wenye afya na lishe bora wakikaribiana mno kwa urefu. Katika kambi ya Nduta, Kibondo, iliyofunguliwa tena 2015 kwa wakimbizi wa Burundi, malaria ni tishio kweli kwa uzito huo. Vimelea hujibanza kwenye kondo la nyuma na kumpunja mtoto chakula, hasa mimba ya kwanza. Ndiyo maana kliniki za Tanzania humpa mjamzito vidonge vya SP vya kuzuia malaria, avimeze papo hapo mbele ya nesi, miezi mitatu ya mwanzo ikishapita.