Muhogo Mchungu na Pumzi ya Mwili

Katika Chikongola, mjini Mtwara, na katika vijiji hata bonde la mto Ruvuma, muhogo ni chakula kijulikanacho na wote. Uko muhogo mtamu, na uko mchungu. Wakulima wengi hupanda mchungu kwa sababu nguruwe na nyani hawauharibu upesi. Lakini ndani yake hutoka sumu iitwayo sianidi. Atakaye kujua jinsi sumu hiyo iuavyo, yampasa kujua kwanza jinsi pumzi itumikavyo mwilini.

Mtu avutapo pumzi, oksijeni huingia mapafuni, ikachukuliwa na damu mpaka katika seli zote. Chakula nacho hufika huko, kikaunguzwa polepole pasipo moto, na mwili ukapata nguvu. Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya, yaani protini ndogo mno zisizoonekana kwa macho, kila moja na kazi yake, kama mafundi waliokaa safu moja wakipokezana. Wa mwisho katika safu huitwa sitokromu oksidasi. Ndani yake mna chembe za chuma na za shaba, nazo ndizo ziishikazo oksijeni. Kisha oksijeni huunganishwa na haidrojeni, yakafanyika maji. Karibu oksijeni yote aitumiayo mtu huishia hapo. Otto Warburg, mtaalamu wa Ujerumani, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1931 kwa kukichunguza kimeng'enya hiki.

Basi sianidi hufanyaje? Huing'ang'ania ile chembe ya chuma, hata oksijeni isipate mahali pa kushikwa. Damu imejaa oksijeni, wala seli haziwezi kuitumia; ni kama mwenye kiu aliyesimama juu ya kisima, naye hana ndoo.

Mwaka 1988 ukame ulileta njaa katika wilaya ya Masasi. Watu hawakuweza kungoja makopa yakauke. Waliutwanga muhogo mbichi na kuuanika kwa zamu, wakapata unga uitwao chinyanya kwa muda mfupi, wakaula. Wengi waliugua kwa sumu.

Kutwanga si kosa. Muhogo una kimeng'enya chake, nacho hukutana na asili ya sumu muhogo upondwapo, kikaifungua sianidi, ikatoka kama hewa. Kosa lilikuwa haraka: sumu haikupewa nafasi ya kutoka yote. Kupika peke yake hakutoshi pia, kwa kuwa moto hukiharibu kimeng'enya hicho kabla hakijamaliza kazi.

Kwa hiyo muhogo mchungu humenywa, hulowekwa siku kadha hata ulainike, hupondwa, kisha huanikwa juani ukauke kabisa. Mama akataaye kuutoa majini kabla ya siku zake, ingawa watoto wanalia njaa, hawanyimi chakula. Anailinda pumzi yao.