Je, Wajua? Tairi Hushika Barabara kwa Eneo la Kiganja

Tairi la gari hugusa barabara kwa eneo linalokaribia kiganja cha mkono tu. Gari la michezo lenye nguvu nyingi, linalosukumwa na tairi za nyuma, likikanyagwa mafuta ghafla kwenye njia ya vumbi ya Kinyangiri, Singida, litazungusha tairi bure na kurusha kokoto. Dawa ni mguu mwepesi, tairi zisizo kipara, na difu inayozuia gurudumu moja kuzunguka peke yake.

Mahali injini ilipo nako husaidia: gari la michezo la Porsche 911 hubeba injini nyuma kabisa. Uzito wake hukandamiza tairi zinazosukuma, zikashika barabara vizuri zaidi.

Ajabu zaidi, Toyota Celica Twincam Turbo, iliyosukumwa na tairi za nyuma tu, ilishinda mashindano ya magari ya Safari Rally nchini Kenya 1984, 1985 na 1986, ikiyashinda hata magari yaliyosukumwa na tairi zote nne.